Kabla Hujaukanyaga Mteremko Mweupe

Ijumaa jioni, theluji ikiwa imeanguka tangu Jumatano, kundi letu la WhatsApp huchemka. Kesho wapi? Nani ana nafasi garini? Nani analeta chai ya tangawizi? Miaka kumi iliyopita maswali hayo yasingekuwepo. Sisi Waswahili wa Salt Lake City tulikuwa watu wa kujifungia ndani majira ya baridi, mapazia yameshushwa na hita inaunguruma, tukihesabu siku mpaka Aprili. Sasa vijana waliokulia hapa, ambao wazazi wao walitoka Uvira, Bujumbura, Kigoma na Mombasa, wanateleza kwa skii kama wenyeji wa milima hii. Wengi hawatosheki tena na viwanja vya kulipia. Wanabandika mikanda ya manyoya chini ya skii ili zisirudi nyuma, wanapanda saa mbili au tatu kwa nguvu zao wenyewe, kisha wanateremka mahali pasipo na alama ya mtu.

Nafurahi kuwaona. Lakini nimeishi chini ya safu hii ya Wasatch muda wa kutosha kujua theluji inachoweza kumfanya mtu, na haya si mambo ambayo wazazi wetu wangeweza kutufundisha, kwa sababu kule tulikotoka hayapo. Nimeyajua kwa kozi, kwa walimu wenye subira, na kwa siku moja mbaya nitakayoisimulia mbele. Nawaandikia wenzangu wa Utah, na ndugu walioko Denver, Calgary au Zürich pia, maana theluji ya huko nayo huporomoka kwa kanuni zilezile.

Kwanza elewa tofauti ya ndani na nje ya kamba ya mpaka wa kituo cha skii. Ndani ya kituo cha skii, kabla malango hayajafunguliwa asubuhi, walinzi wa mlima wameshapita na baruti na kuiangusha kwa makusudi theluji iliyokuwa tayari kuanguka. Pale Alta, mwisho wa bonde la Little Cottonwood, kuna siku hatari huwa kubwa hadi watu wote huamriwa kubaki ndani ya majengo. Hata kutoka kwenda kwenye gari lako ni kuvunja sheria. Kijiji kile hakikuanza utaratibu huo kwa kupenda. Katika karne ya 19 kilikuwa makazi ya wachimba madini ya fedha, na maporomoko yaliua watu wengi pale katika miaka ya 1870 na 1880. Ukivuka kamba, kazi yote ya walinzi umeiacha nyuma. Mlima ulio mbele yako hakuna aliyeukagua leo. Utaukagua wewe.

Wengi hudhani poromoko la theluji humshukia mtu kama nazi inavyomwangukia aliyekaa chini ya mnazi. Ni mara chache. Katika ajali tisa kati ya kumi hivi, aliyelianzisha ni yuleyule aliyefukiwa, au mtu wa kundi lake, kwa uzito wa mwili wake tu. Mimi naiona kuwa habari njema, kwani sehemu kubwa ya usalama wako inabaki mikononi mwako: inategemea unakanyaga wapi.

Na wapi huanzia kwenye mwinuko. Mteremko ulio chini ya nyuzi 30 ni nadra kukatika. Kati ya nyuzi 30 na 45 ndipo maporomoko mengi yanapozaliwa, na nyuzi 38 hivi ndiyo kitovu chake. Ukipita nyuzi 45 kwenda juu zaidi, theluji huwa inamwagika yenyewe kidogo kidogo kabla haijarundikana. Tatizo ni kwamba nyuzi 35 hadi 40 ndizo zenye utamu wote kwa mtelezaji, na jicho halifai kuzipima. Ngazi za kawaida za nyumba zina nyuzi 30 na kitu, lakini mlima mweupe usio na mti wala ukuta wa kulinganisha hudanganya. Mimi bado nakosea kwa nyuzi tano nikikadiria kwa macho. Basi pima. Laza fimbo yako ya skii juu ya theluji, weka simu juu ya fimbo, fungua programu ya kipima mteremko, soma namba. Sekunde kumi zinatosha.

Afadhali zaidi, pima ukiwa nyumbani. Ziko ramani za mtandaoni zinazopaka rangi miteremko kufuatana na mwinuko, na rangi huanza pale nyuzi zinapokaribia 30. Ipitishe njia yako yote kwa kidole, polepole, kutoka maegesho hadi kileleni na kurudi. Kila mara kidole kinapogusa rangi, simama ujiulize kama kuna sababu ya kupita hapo. Kisha tazama kilicho juu ya njia yako. Mteremko mpole wa nyuzi 20 uliolala chini ya ukuta wa nyuzi 38 ni mapito ya poromoko, hata kama wewe mwenyewe hukukanyaga popote penye mwinuko, na kuna siku theluji ya juu hukatwa na mtu aliyeko chini kabisa. Tazama na kilicho chini yako: korongo jembamba, kijito, miti, genge. Poromoko dogo ambalo uwandani lingekuangusha tu na kukuacha ukijipangusa, likikusukumia korongoni linakufukia mita tatu. Na si wote wanaokufa kwa kukosa hewa. Hapa Amerika Kaskazini takribani robo yao huuawa na kugongwa, kwenye miti na miamba.

Kwa anayeanza, ushauri wangu hauna kona: misimu miwili ya kwanza baki chini ya nyuzi 30, na hakikisha hakuna kitu kikali kinachoning'inia juu yako. Theluji nyepesi ya Utah kwenye nyuzi 27 inatosha kabisa kumfanya mtu apige vigelegele.

Sasa niseme kinachotokea ndani ya theluji yenyewe. Mwalimu wangu wa kwanza alinipa chepe akaniambia nichimbe mpaka ardhini. Ilikuwa Januari, upande wa kaskazini wa mlima, kivulini, na theluji ilikuwa na kina cha mita moja na nusu hivi. Ukuta wa shimo ulionekana mweupe mtupu, hauna habari. Akaniambia niusukume kwa ngumi yenye glavu, nianzie juu niteremke. Juu ngumi iliingia bila kazi. Chini kidogo ngumi ikakataa, vikaingia vidole vinne; chini zaidi kidole kimoja, tena kwa nguvu. Nilipofika sentimita 30 za mwisho ngumi ilizama ghafla, na theluji ikaanza kumwagika kutoka ukutani kama sukari kutoka kwenye mfuko uliotoboka. Nilikinga kiganja. Chembe zilikuwa kubwa, zenye pembe, zinametameta, na nilipojaribu kuzifinyanga donge zilikataa kushikana. Juu ya sukari ile ilikuwa imekaa zaidi ya mita moja ya theluji iliyoshikamana, na juu ya theluji hiyo tulikuwa tumesimama sisi.

Sukari ile hutengenezwa hivi. Ardhi iliyofunikwa na theluji hubaki karibu na nyuzi 0 za selsiasi majira yote ya baridi, huku hewa ya usiku ikishuka mpaka nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri. Theluji ikiwa nyembamba, tofauti hiyo yote ya joto inabanwa kwenye kina kidogo. Ikizidi nyuzi moja hivi kwa kila sentimita 10, mvuke hupanda kutoka kwenye chembe za chini zilizo na joto kidogo kuelekea za juu zilizo baridi, kama mvuke wa wali unavyopanda na kujikusanya kwenye mfuniko, na unapoganda upya huunda chembe zenye pembe zisizoshikana. Kwa hiyo theluji chache ya Oktoba na Novemba ndiyo ya kuogopa. Anayejua milima atakuuliza mwezi Januari jinsi Novemba ilivyokuwa, naye ana sababu.

Kisha dhoruba za Desemba na Januari hurundika theluji mpya juu yake, nayo hujishikanisha ikawa bamba zima. Fikiria meza nzito ya kioo iliyowekwa juu ya gololi. Inakaa, inakaa, mpaka mtu aiguse pembeni. Bamba likivunjika, ufa hukimbia kwenye tabaka dhaifu kwa kasi ambayo hakuna skii iwezayo kuishinda, na kwa kawaida hufunguka juu yako, ukiwa wewe uko katikati. Piga hesabu nami: bamba la mita 50 kwa 50, unene wa nusu mita tu, ni mita za ujazo 1,250. Kila mita ya ujazo ya theluji iliyoshikana kiasi ina uzito wa kilo 200 hivi. Hizo ni tani 250, na hilo ni poromoko ambalo wataalamu hawalihesabu kuwa kubwa.

Upepo nao hujenga mabamba, hata siku ambayo mbingu ni buluu na hakuna hata chembe iliyoshuka. Wavuvi wa pwani yetu wanajua upande wa joshini unaopokea upepo na upande wa demani ulio kinyume chake. Mlimani upepo hufagia theluji kutoka joshini, huivusha ukingo wa kilele, na kuimwaga demani, ambako hurundikana haraka kuliko inavyoweza kushuka kutoka mawinguni. Ukiona kilele kinafuka kama kina moshi, theluji inahama wakati huohuo unapotazama. Demani utakuta uso laini, wa mviringo kama tumbo la mtungi, na ukiugonga kwa fimbo unalia mlio mtupu wa ngoma. Usipite hapo. Ule ukingo wa theluji unaochomoza kileleni na kuning'inia hewani kama upenu wa makuti pia usiukaribie. Huwa unakatika nyuma zaidi ya pale jicho linapodhani ardhi inaanzia.

Jua nalo lilinitatiza zaidi ya wenzangu wazawa. Mtu aliyekulia karibu na ikweta amezoea jua linalopita utosini, na kwake mlima hauna upande wa jua wala wa kivuli wa kudumu. Huku majira ya baridi jua hutambaa chini chini upande wa kusini. Miteremko inayotazama kusini hupata joto kila siku na mara nyingi hutulia mapema. Inayotazama kaskazini na mashariki hukaa kivulini wiki hata miezi, na sukari ya Novemba hubaki sukari mpaka Machi. Kwa hiyo beba dira, na ujue kila mara mteremko uliosimama juu yake unatazama wapi. Taarifa ya hatari itakuwa inazungumza kwa lugha hiyo.

Taarifa yenyewe isome kila siku unayopanda, bila kuruka hata moja. Hapa kwetu hutolewa asubuhi na mapema na Utah Avalanche Center. Colorado, Kanada na Uswisi zina vituo vyao, na cha Davos ni miongoni mwa vya zamani na vinavyoheshimika zaidi duniani. Kipimo ni kimoja cha ngazi tano, kutoka 1 hadi 5, na watu hukielewa vibaya. Wanaiona 3 iko katikati, basi wanaisoma kama "si haba". Hatari haipandi kwa hatua sawa kama ngazi za nyumba. Kila daraja ni zaidi ya mara dufu ya lililotangulia. Na vifo vingi hutokea siku za 3. Siku za 4 na 5 mlima wenyewe huwa unanguruma na wengi hubaki nyumbani. Siku za 3 anga limefunguka, theluji ni mpya, na hatari imejificha ndani.

Usiishie kwenye namba. Soma ni aina gani ya tatizo. Theluji mpya ya dhoruba na mabamba ya upepo mara nyingi hutulia ndani ya siku chache, na subira yako italipwa. Tabaka dhaifu la kudumu, yaani sukari niliyoichota kiganjani, linaweza kungoja wiki sita. Watu kumi watapita juu yake salama, wa kumi na moja alikanyage pale bamba lilipo jembamba. Njia zilizochorwa na waliokutangulia hazithibitishi chochote siku kama hizo. Kuna vipimo vya kufanya shimoni, kama kukata mhimili wa theluji wa sentimita 30 kwa 30 na kuligonga kwa mkono chepe lililowekwa juu yake mara 30 kwa nguvu inayoongezeka, nawe utafundishwa kwenye kozi. Mimi huvitumia kupata sababu ya kurudi nyuma. Kipimo kizuri kwenye shimo moja hakijawahi kunipa ruhusa ya kupita mahali ambapo taarifa imepakataza.

Tarehe 6 Februari 2021, siku ya Jumamosi, makundi mawili ya watelezaji yasiyojuana, jumla watu wanane, yalikutwa na poromoko moja mahali paitwapo Wilson Glade, juu ya korongo la Millcreek, dakika chache kwa gari kutoka mjini kwetu. Walikuwa na vifaa. Walikuwa na uzoefu. Theluji dhaifu ya mwanzo wa msimu ilikuwa imebebeshwa mzigo mpya. Wanne walipona, wanne walifariki, wote wakiwa vijana. Msimu ule Marekani nzima ilipoteza watu 37 kwa maporomoko. Nakumbuka Jumatatu iliyofuata kazini, hakuna aliyekuwa na la kusema.

Kuna mtafiti, Ian McCammon, aliyechambua ajali 715 za Marekani, na alichokiona ni kwamba watu wengi waliingia kwenye hatari huku dalili zikiwa wazi mbele yao, na wengi walikuwa wamesomea mambo haya. Walipazoea mahali. Walimwamini kiongozi. Waliona nyayo za wengine. Hawakutaka kuwa kikwazo mbele ya wenzao. Nilipoisoma kazi yake nilijiona mwenyewe.

Ndiyo ile siku mbaya niliyoahidi kuisimulia. Tulikuwa watano, na mbele alikuwa kaka mmoja mkubwa kwetu wote, mtu wa milima kwa miaka mingi, aliyenifundisha mengi na ninayemheshimu mpaka leo. Tulitoka msituni tukaingia uwanda mdogo chini ya mteremko. Hatua yangu ya tatu, theluji yote iliyotuzunguka ilishuka sentimita mbili kwa pamoja na kutoa sauti nzito, *wuump*, kama gunia la mchele lililoangushwa chumba cha juu. Miti midogo mbele yangu ilitikisika matawi bila upepo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na ule ndio mshindo wenyewe: bamba limevunjika juu ya tabaka dhaifu, na kilichotuokoa ni kwamba pale tulipokuwa ni tambarare. Nilijua maana yake, maana nilikuwa nimefundishwa mwezi mmoja tu kabla. Nilimtazama kaka. Akasema, "Theluji inajikalia tu, mdogo wangu, twende." Nikasema, "Haya, kaka."

Dakika ishirini baadaye mteremko ulikatika chini ya mwenzetu wa pili. Ulimburuta mita 60 hivi na kumwacha amefukiwa mpaka kifuani, mkono mmoja nje, skii moja haijaonekana hadi leo. Alikuwa hai. Tulimchimbua tukitetemeka. Kurudi, hakuna aliyezungumza garini.

Tumelelewa na *asiyesikia la mkuu huvunjika guu*, na katika mambo mengi ya maisha nimeona ukweli wake. Lakini theluji haijui nani mkubwa. Heshima yangu siku ile karibu imzike mtu. Tangu hapo kundi letu lina kanuni ambayo kila mmoja huitamka kwa sauti kabla hatujaondoka garini: yeyote akisema "hapana", tunarudi, na haulizwi kwa nini mpaka tufike chini. Na tunapofika mahali pa kuamua, tunaanza kumwuliza mdogo kuliko wote, au mgeni wa siku hiyo, kabla mkubwa hajafungua mdomo. Akishasema mkubwa, hutapata tena neno la mdogo. Ninyi mnaowapeleka wadogo zenu milimani, wafundisheni kuwapinga. Mgeni njoo mwenyeji apone. Mara nyingi macho mapya ndiyo yanayoona ufa.

Ufa, basi, na ile sauti nzito, na poromoko jipya kwenye mteremko wa jirani, ni dalili ambazo hazihitaji kozi. Ukiona ufa unakimbia mbele ya skii zako, mjadala umekwisha. Dhoruba kubwa ndani ya saa 24 zilizopita, upepo mkali, mvua juu ya theluji, au joto la kupanda ghafla pia vinatosha kubadilisha mpango. Na kama ni lazima kuvuka mteremko wenye shaka, vukeni mmoja mmoja, wengine wakimtazama kutoka mahali salama. Kusimama kundi zima katikati mkipiga picha ni kuweka mayai yote juu ya kioo.

Vifaa ni vitatu na kila mtu abebe vyake. Bikoni ya kutafutana, inayotuma mawimbi ya kilohezi 457, masafa yaleyale kwa kila kampuni, hivyo ya kwako itasikika na ya mgeni. Fimbo ya kukunja ya kuchomea theluji, isiyopungua sentimita 240. Chepe la chuma. La plastiki halifai kitu. Bikoni ivaliwe mwilini, chini ya koti, tangu garini mpaka garini, kamwe isikae kwenye begi. Simu iwe mbali nayo sentimita 20, na wakati wa kutafuta iwe mbali nusu mita au izimwe kabisa, maana simu na glavu za umeme huivuruga. Betri mpya kila mwanzo wa msimu. Ipo mikoba yenye puto linalofumuka na kumsaidia mtu abaki juu ya theluji. Ni mizuri, ni ghali, na haizuii mti.

Kuvinunua ni nusu ya kazi. Waliofukiwa wakitolewa ndani ya dakika 10 hivi, tisa kati ya kumi huwa hai. Zikifika dakika 35 anabaki hai mmoja kati ya watatu, kwa sababu aliyefukiwa anavuta tena hewa aliyoitoa mwenyewe. Helikopta haiwezi kufika ndani ya dakika kumi. Waokoaji ni ninyi mliosimama pale. Mtu akichukuliwa, usimwondolee macho. Shika akilini mahali ulipomwona mara ya mwisho. Hakikisheni hakuna kingine kitakachoshuka. Wote geuzeni bikoni kwenye kutafuta, wote bila kusahau mmoja, la sivyo mtakuwa mnamfuata mwenzenu aliye hai pembeni. Fuateni mshale, namba zikipungua. Zikifika 3, piga magoti, shusha bikoni iguse theluji, nenda polepole hadi upate namba ndogo kuliko zote. Hapo choma fimbo kwa pembe mraba na uso wa mteremko, kila sentimita 25, kwa kuzunguka kutoka katikati. Ikigonga kitu laini iache ilipo. Usichimbe juu ya kichwa chake. Shuka chini ya fimbo, umbali wa mara moja na nusu ya kina, uchimbe kuingia ubavuni, mmoja mbele na wengine nyuma wakiondoa kifusi. Theluji iliyoporomoka huganda kama zege, na kuchimba ndiko kunakokula dakika kuliko yote mengine. Ukifika usoni, safisha kinywa na pua kabla ya kumtoa mwili mzima. Kama hapumui, mpulizie pumzi tano, kisha endelea na huduma ya kwanza. Piga 911, au 112 kama uko Ulaya, mara mtu mmoja anapoweza kuachiliwa. Kama mko wawili tu na hakuna mtandao, tafuta kwanza.

Mambo haya hayafanyiki kwa mara ya kwanza siku ya msiba. Sisi hufanya mazoezi bustanini, mjini kabisa. Mmoja anaficha bikoni ndani ya mfuko na kuifukia, mwingine anashika saa. Mara ya kwanza nilitumia dakika 14. Sasa natumia nne.

Theluji ya masika ina kanuni zake, na ni nyepesi kuelewa: usiku ikiganda ni imara kama barabara, jua likiipiga inalegea. Panda kabla ya mapambazuko, na mguu ukianza kuzama hadi kifundo, uwe tayari njiani kuelekea garini.

Ukirudi nyumbani, kazi imebaki moja ambayo wengi wetu hatuifanyi. Vituo vya taarifa hupokea habari kutoka kwa yeyote aliyekuwa mlimani, na huziweka wazi kwa wengine. Hawadai Kiingereza cha chuoni. Msimu uliopita binti mmoja wa kundi letu, wazazi wake ni watu wa Bukavu, alisikia ile sauti nzito akasema hapana, nasi tukageuka sote. Jioni, bado amevaa soksi za mlimani, aliandika mistari minne kwenye simu yake mezani kwetu: mahali, saa, mteremko unatazama wapi, alichokisikia. Kesho yake asubuhi nilipofungua taarifa kabla ya chai, maneno yake yalikuwa pale kwenye orodha, na chini yake mtu tusiyemjua alikuwa ameandika kwamba alipanga kwenda mahali hapohapo siku hiyo, na amebadilisha njia.